Kanisa Halijafagiwa Lote

Jumamosi, 7 Juni

Nimefagia kanisa. Baridi ya kukata masikio. Mama Feza amechelewa tena, amekuja na sababu zake, nikampa ndoo badala ya jibu. Tumeanzia nyuma ya mimbari tukashuka mpaka mlangoni, kama kila Jumamosi.

Kuna mtu aliingia humu sisi tukiwa hatupo. Sakafu nzima imechorwa kwa chaki nyekundu. Mistari mirefu, mistari mifupi, na namba katikati. Nikasema ni watoto wa shule ya Jumapili, nikawatukana ingawa hawakuwepo. Tukapiga magoti tukasugua mpaka maji ya ndoo yakawa kama ya kuchinjia kuku.

Mama Feza akasema, watoto gani wanachora mistari iliyonyooka namna hii? Nikamwambia asugue.

Jumapili, 8 Juni

Hawakuwa watoto.

Pasta ametangaza kabla ya sadaka kupita, ili mtu asitoroke. Wazee wa kizungu wenye jengo wameliuza. Sisi ni wapangaji tu, miaka yote hii. Aliyenunua ana ofisi huko Randburg. Atakatakata kanisa liwe fleti. Kumbe ile mistari ilikuwa vyumba. Nilikuwa nasugua kuta za watu.

Tutoke mwisho wa mwezi.

Wamama wamelia. Mimi sikulia, nilikasirika. Kwetu Uvira mtu akifa, watu wanakaa matanga nyumbani kwake. Hapa Bellevue nyumba ipi? Chumba kimoja na pazia katikati. Kila mtu wetu aliyefia Johannesburg tulimlilia kwenye sakafu ile. Wamama kwenye magodoro, wanaume nje na moto, mpaka azikwe, mpaka nifagie na matanga yatoke. Mimi ndiye ninayefagia. Baba Neema, mume wangu, nilimlilia pale, chini ya dirisha la kioo lenye picha ya mwana-kondoo.

Na mimi? Watanililia wapi? Kwenye ngazi ya fleti ya mtu?

Jumanne, 10 Juni

Nimegombana na Neema. Binti yangu mwenyewe, niliyemzaa mimi. Ameandikisha jina apate chumba kanisani. Hakuniambia. Nimesikia kwa mteja wake wa saluni, kichwa kimesukwa nusu, mdomo haufungi.

Nikamuuliza kama hana haya.

"Mama, watoto wanalala kwenye veranda iliyozibwa na mbao. Paulo anakohoa tangu baridi ianze. Na kanisa linalala tupu wiki nzima."

"Ile ni nyumba ya Mungu."

"Mungu ana nyumba nyingi. Mimi sina hata moja."

Nikamwambia mistari aliyomsuka yule mteja imekwenda upande.

Ijumaa, 13 Juni

Mtaa umegawanyika. Wenye vyumba vizuri wanatetea kanisa. Wenye vyumba vibaya wanataka fleti. Nimehesabu marafiki zangu, wengi wana vyumba vibaya.

Mzee Shomari, yule fundi cherehani wa Tanga aliye ng'ambo ya barabara, ametia sahihi karatasi ya wanaotaka fleti. Nilikwenda kumsuta dukani kwake, hata sindano ya cherehani haikusimama.

"Mama Neema, mikesha yenu inanitingishia kitanda kila Ijumaa. Waache wajenge, nami nilale kama watu."

"Utalala sana ukifa, Shomari."

"Nikifa nizike upesi, mwenzangu, usije ukanipigia ngoma zako."

Wakacheka wote dukani. Mimi sikucheka mbele yao. Lakini spika ile ya mikesha nimemwambia Pasta mara ngapi aipunguze? Leo nusu ya mtaa imetia sahihi kwa ajili ya kelele zetu.

Kuna bakkie nyeupe, pikapu, inasimama karibu na robot, taa za barabarani. Wanaume wawili ndani. Hawashuki, hawanunui kitu. Wanatazama kanisa tu.

Jumanne, 17 Juni

Papa Kasongo amekufa. Mzee wetu wa mlangoni, aliyekuwa anapokea watu Jumapili. Alianguka kazini, kwenye lindo, bado amevaa koti la sekyuriti. Maiti itamsubiri mwanawe atoke Lubumbashi.

Tumefungua matanga kanisani. Magodoro yameshuka, masufuria makubwa yametoka stoo. Mjane amekaa chini ya dirisha la mwana-kondoo, ameegemea ukuta.

Bakkie imesogea. Sasa iko mbele ya geti. Tulipomwingiza mjane, mmoja alivua kofia. Halafu akatoa simu akapiga picha.

Jumamosi, 28 Juni

Tumemzika Papa Kasongo. Upepo, vumbi jekundu, pasta wa kukodi wa kampuni ya mazishi, aliyelitamka jina lake vibaya.

Tukirudi tunanawa, tunakula, siku ya tatu nafagia. Ndivyo ilivyo. Lakini Pasta wetu amenivuta pembeni, karibu na piano.

"Mama Neema, usifagie kwanza."

Ati kuna avoka, wakili, amemwambia watu wakiwa wanalala ndani hawawezi kutolewa bila amri ya korti. Na nani atawafukuza wamama waliokaa matanga? Kwa hiyo matanga yaendelee. Yatufunike kama blanketi.

Nikamwambia matanga yasiyofagiwa yanaita mtu mwingine. Akasema huo ni ujinga wa kijijini, sisi tumeokoka. Kijana wa juzi huyu. Biblia kasomea kwenye simu.

Lakini sikufagia. Nilikubali. Nililitaka kanisa. Naandika hivyo hivyo.

Jumatano, 2 Julai

Wamekata umeme. Jana walikata maji. Tunapika uani kwenye imbaula, majiko ya makaa, na tunaota moto hapo hapo, wamama wamekunja miguu kama kuku.

Mzee Shomari amekuja na mikate na birika la chai ya tangawizi. Ati hakutia sahihi ili watu wafe kwa baridi. Nikamwambia aweke chini aende zake. Akaketi.

"Si mlizika Jumamosi?"

"Tulizika."

"Na matanga mmeondoa?"

"Bado."

Akaishusha glasi yake polepole. "Mpaka lini?"

Nikamweleza habari ya avoka. Hakucheka. Nilimzoea mzee huyu kwa kucheka.

"Mama Neema, huko mnakochezea siko."

Yeye ni Mwislamu, wa pwani. Mimi Mprotestanti, wa ziwani. Hatukuambiana kitu maishani tukakubaliana. Leo amesema maneno ya mama yangu mzazi. Hilo limenitisha kuliko bakkie.

Jumapili, 6 Julai

Bakkie sasa ni mbili.

Mjane ameniuliza tena, "Mama, lini?" Kabla sijafagia hawezi kuvua nguo nyeusi, hawezi kulala kitandani kwake, hawezi kurudi sokoni kuuza pondu zake, majani ya muhogo. Amekonda. Tunamtumia kama kufuli la mlango. Nilimwambia karibu. Nimesema uongo Jumapili.

Jana walirusha mawe madirishani. Mwana-kondoo amebaki miguu tu. Pasta ameziba na maboksi, na imbaula sasa zimeingia ndani. Nilisema moshi. Akasema, Mama, unataka wagande?

Neema amekuja getini na sweta langu. Hakuingia. Amesema turudi nyumbani. Nikachukua sweta, nikarudi ndani.

Jumatano, 9 Julai

Mama Feza hakuamka asubuhi.

Nilidhani ni uvivu wake. Nilimpigia kelele, nikamsukuma kwa mguu. Ee Mungu, kwa mguu. Mwili mzito, midomo ina rangi ya ajabu. Alikuwa amelala kona ya nyuma ya mimbari, pasipopita upepo, imbaula karibu na kichwa. Tulimburuta na godoro lake mpaka nje kwenye ubaridi. Mzee Shomari ndiye aliyepiga simu ya ambulensi. Wale wa bakkie walisogeza magari ipite. Hata wao.

Yu hai. Daktari amesema moshi wa makaa. Nimekaa naye mchana kutwa. Ananiita kwa jina la dada yake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefagia.

Pasta alisimama mlangoni, amenyoosha mikono kama mlinda goli. "Mama Neema, ukifagia umewapa ufunguo."

"Wachukue. Mimi sitaki kumlilia Feza humu."

"Na kanisa?"

"Kwanza toka, umesimama kwenye takataka."

Akatoka. Kijana hajui kubishana na fagio.

Nilianza na mjane, chini ya dirisha. Si desturi yangu. Kila siku naanzia nyuma ya mimbari. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale, nikasema nimfungue yeye kwanza. Nikafagia alipokaa, nikafagia njia yake mpaka mlangoni. Akavua kitambaa cheusi pale pale kizingitini, akaenda bila kugeuka.

Wamama wakaanza kutoa masufuria. Hapo ndipo wale wanaume walipoelewa. Waliingia na minyororo, wengi, sijui waliobaki walitokea wapi. Hawakupiga mtu. Walifunga milango ya pembeni, wakazima imbaula kwa mchanga, wakabeba magodoro nje kama watu wanaohamisha ndugu.

Nikasema nimebakiza kona. Nimesema kwa Kiswahili, nimesema kwa Kiingereza changu. Kona moja, nyuma ya mimbari, ile ya Feza. Yule aliyevua kofia siku ile akanishika kiwiko taratibu, kama anayemvusha mzee barabara.

"Gogo, basi. Toka."

Gogo ndiyo bibi kwao. Nikatoka na fagio mkononi.

Jumamosi, 19 Julai

Nyundo tangu asubuhi. Mabenchi yamelala nje kwenye maji ya mabomba waliyoyapasua.

Nimechungulia dirishani. Mistari myekundu imerudi. Sasa ni rangi, si chaki.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tunasali kwenye gereji Yeoville. Pasta amepunguza spika. Mzee Shomari anasema sasa usingizi haumjii. Nikamwambia anywe dawa.

Mama Feza anajua jina langu tena, lakini analisahau njiani. Jumamosi ananiuliza mbona hatujaenda kufagia.

Neema amepata chumba. Leo amenipeleka nikione. Mlango mmoja kwa watu wote, korido nyembamba, mbao huku na mbao huku. Unasikia jirani akikohoa. Nikamfuata, namba baada ya namba, mpaka mwisho. Akafungua kwa ufunguo wake, akacheka kama alipokuwa mtoto. Paulo akajilaza sakafuni akanyoosha mikono yote miwili, haikufika ukutani.

Niliijua sakafu ile. Kuna kigae kilichopasuka, nimekipitia kwa magoti miaka mingi. Nyuma ya mimbari. Kona ya Feza.

Nikamwomba mlinzi wa getini aniache niingie na fagio langu, dakika moja. Akasema, Gogo, pameshafagiwa, wana mashine.

Neema anafunga vyombo kwenye maboksi. Anaimba. Wanahamia Ijumaa. Sijamwambia kitu.

Fagio la matanga hutupwa pamoja na majivu. La kwangu bado liko nyuma ya mlango.