Kitasa Kigumu cha Chumba cha Ushauri

Leo umetimia mwaka mmoja tangu ulipotutoka, Baba, mshauri wa vijana, uliyefanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba chenye viti viwili, saa ya ukutani na mlango mgumu kufunguka.

Waliokuja kwako walikuwa wa kati ya miaka kumi na tano na ishirini na mitano: aliyemaliza shule asijue pa kuelekea, aliyepata kazi ya kwanza akakosa usingizi, aliyehama kwao, aliyefiwa. "Wengi hawaumwi," ulikuwa ukisema. "Wanavuka tu, na kuvuka kunachosha." Hukututajia jina la hata mmoja. Ulipokutana nao sokoni ulijifanya huwajui mpaka wakusalimie wao kwanza, na majirani wakadhani una majivuno.

Ulikunywa chai iliyopoa. Ulicheka kabla ya kumaliza hadithi zako mwenyewe. Kwenye karata ulishindwa na kila mtu, hata mjukuu wako wa miaka sita, ukadai unampa moyo. Hukuwa unampa moyo. Tulikuwa tukiziona karata zako.

Kosa letu tunalikiri hapa. Ulipotimiza miaka sitini tulitaka kukufurahisha, tukamtuma fundi akabadilishe kitasa cha chumba chako, maana kile cha zamani hakikufunguka mpaka ukinyanyue na kukivuta mara mbili tatu. Wiki mbili baadaye ulirudi nyumbani umenuna.

"Nani kawatuma?"

"Si kilikuwa kibovu, jamani?" Mama akajibu.

"Kibovu! Mke wangu, kijana anakaa nami saa nzima anaongelea mpira. Akishaaga, mkono uko kwenye kitasa, ndipo anasema lililomleta. Sasa mlango unafunguka upesi, anaondoka nalo."

Ukamwita fundi arudishe kile cha zamani. "Mzee," alisema, "watu huniita nitengeneze. Wewe ndiye wa kwanza kuniita niharibu." Aliharibu vizuri sana.

Ulipofariki, kitinda mimba wako alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga katika mji wa mbali. Aliiahirisha. Kila tulipomuuliza alijibu, "Niko sawa," na muhula ukapita. Kisha chuo kikaandika kwamba kitamngoja hadi mwisho wa mwezi, basi. Wiki hiyohiyo tulikwenda kuhamisha vitu vyako. Vijana wako walikwisha kupokewa na mshauri mwenzako. Kitinda mimba wako alibeba boksi la mwisho, akashika kitasa, kikagoma. Akabaki pale, ametupa mgongo.

"Mama, nataka kwenda. Lakini naogopa, nikikuacha peke yako utaacha kula."

Mama hakumsaidia kufungua. "Nakusikiliza, mwanangu. Sema yote, mlango upo."

Alisema yote. Kwa saa yako ya ukutani, ambayo bado hatukuwa tumeiondoa, ilikuwa dakika kumi na nane.

"Umemaliza?" Mama akauliza. "Haya. Mimi nilikuwa nakula kabla hujazaliwa. Nenda ukazalishe watu."

Walicheka mpaka boksi likawaponyoka, na vikombe vyako viwili vikavunjika. Tunaamini ungewasamehe.

Sasa yuko muhula wa pili. Wiki iliyopita alipiga simu akipiga kelele hata tukaiweka mbali na sikio: alikuwa amesaidia kuzalisha kwa mara ya kwanza, mtoto wa kike, kilo tatu na robo.

Kitasa tumekihamishia mlango wa mbele wa nyumbani. Wageni wanalalamika. Hatukitii mafuta.

Unakumbukwa na mke wako, mwalimu wa hesabu, ambaye anakula, mtoto wako wa kwanza, aliyeandika haya, kitinda mimba wako, mkunga mwanafunzi, dada yako, na mjukuu wako, anayetafuta mtu mwingine wa kumshinda karata.

Daima tutakukumbuka, Baba, kila tunapoaga na kukawia mlangoni.