Sauti ya Bangili ya Mama

Élisabethville, mwezi wa sita 1951

Dada yangu Léonie,

Bangili ya mama ilifika pamoja na samaki ya kukauka. Harufu ilijulisha bantu bote ba njia yetu kama niko na ndugu kule Pweto.

Uliniomba nipanue bangili kidogo, juu mukono wako umenenepa. Kipande kidogo cha feza kingetosha. Lakini tangu zamani nilitaka kujaribu muchanganyiko wangu wa feza, shaba na zinki, ambao hakuna muntu aliyenifundisha. Nikayeyusha bangili yote.

Imetoka na wekundu kidogo, sawa ngozi ya mutoto aliyezaliwa jana, na inapindika bila kupasuka. Muke wangu Annie akasema, "Hii iko muzuri kupita ile ya mama yenu." Nikajivuna. Kisha nikaigonga kwenye sufuria, sawa mama alivyokuwa anagonga akisonga bukari. Ya mama ilikuwa inalia chini, polepole. Hii inalia sawa kengele ya misa.

Annie akaniuliza, "Na baba je?"

Uliniandikia kwamba baba, tangu macho yake yalikufa, anageuza kichwa na kucheka kila unaposonga bukari na ile bangili mukononi. Barua ile niliisoma kabla ya kuwasha moto wa kuyeyusha, dada. Si nyuma ya kuyeyusha.

Akiuliza sauti imeenda wapi, umuambie ilikuja Élisabethville kutafuta kazi, sawa mutoto wake.

Ndugu yako ambaye hatafika Pweto Noeli hii,
Faustin