Nani Aliruhusu Ua Ukatwe

Bumula, 6 Machi 2004

Mwanangu Jotham,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ni goti tu. Je, hapo Kitale mvua imeanza?

Eliakim, yule uliyempangisha kiwanja cha mbele afungue baa, amekata ua wote wa sipresi uliotutenga naye. Ati wateja waone baa kutoka barabarani. Wewe unajua bafu langu ni la magunia. Juzi nikioga, mlevi mmoja aliniuliza, "Mama, maji si baridi?" Wakacheka wote.

Anasema aliruhusiwa. Nani alimruhusu?

Mama yako

*

Kitale, 15 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Mimi sikumruhusu. Huyo ni mwongo, mwambie hivyo.

Mwanao Jotham

*

Bumula, 29 Machi

Jotham,

Nimemwambia. Jana nilitoka kanisani nikaingia baa, imejaa watu, nikamwita mwongo na mwizi. Hakunijibu vibaya. Alileta karatasi ya ruhusa, nikaisoma nimesimama. Sahihi ni yako.

Nahamia Ndalu kwa shangazi yako.

Mama

*

Kitale, 2 Mei

Mama,

Natumaini shangazi na wewe hamjambo. Nimeandika barua tatu nikazirarua.

Ni mimi. Eliakim alisema bila kukata ua atahama, nikatia sahihi. Niliwaza miti tu, bafu sikulikumbuka. Uliponiuliza niliona aibu, nikakudanganya. Nisamehe.

Jotham

*

Ndalu, 10 Mei

Mwanangu,

Huku tu wazima. Nimekusamehe, mimi ndiye niliyekuzaa. Lakini nilimtukana mtu kwa maneno yako. Nenda ukamwambie mbele ya walewale. Si kwa barua.

Mama yako

*

Kitale, 24 Mei

Mama mpendwa,

Salamu kwako na kwa shangazi.

Nilienda jana, saa ileile ya watu kutoka kanisani. Nilianza kusema, mtu wa nyuma akapaaza sauti, "Bana, hatusikii!" Ikabidi niseme mara ya pili: "Mama yangu hakujua. Mwongo ni mimi." Eliakim alinivutia kiti akaniitishia soda. Heri angenifukuza. Niliiacha mezani.

Kisha nilienda nyuma, nikasimama ndani ya bafu lako. Meza zote zinaonekana, hata nyuso. Nao wananiona.

Nilikuwa nimevaa koti na tai, Mama, na bado nilitafuta kitu cha kujifunika.

Mwanao,
Jotham