Ngoma Zako Nilizozinyoosha

Ya Dido,

Nianze na lile linaloniuma, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Watu wanakusifia, Ya, kaka yangu. Albamu yetu imefika Johannesburg, imefika Cape Town, na kila anayeiandika anaanza na ngoma. Miezi mitatu iliyopita Themba alikuja kwenye duka langu la kutengeneza simu hapa Umbilo Road, bado ana besi mgongoni, akanisomea moja kwenye simu: "Mpiga ngoma wao ni kama mashine." Alifurahi huyo, akanigonga bega, sharp sharp, yaani safi sana! Nikamwambia nina mteja ndani. Hakukuwa na mteja. Niliingia nikakaa nyuma ya kaunta na simu ya mtu iliyopasuka kioo mkononi, aibu imenishika mpaka masikio yakawaka moto.

Kama mashine! Wewe, Dido!

Miezi mitano sasa tangu tukuzike. Mkeo Solange bado yuko South Beach, ghorofa ya tisa, na lifti bado imekufa, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Anasuka nywele palepale. Binti yenu Naomi ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu. Kule ghalani Clairwood wameweka mtu mwingine kwenye zamu yako ya kupakia malori. Sisi hatujatafuta mpiga ngoma. Themba alikuwa akiniuliza kila siku tutatafuta lini, nami nikijitia hamnazo.

Sasa nitakwambia nililofanya. Unalijua nusu, na hiyo nusu uliijua vibaya.

Unakumbuka tulivyorekodi ngoma, Jumamosi nne asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa lenu, maikrofoni sita za kuazima. Uliwaambia wazee ni muziki wa kasi tu. Mchungaji alichungulia siku ya kwanza, akasikiliza miguu yako miwili ikikimbia kwenye ile ngoma kubwa, akafunga mlango polepole kama mtu aliyekuta wageni wanakula. Tulicheka mpaka tukarudia kurekodi. Nilikuwekea mashine ya kuhesabu mapigo sikioni ili sote tuwe kwenye mwendo mmoja. Kwenye wimbo wa pili ukaichomoa. "Hii kitu inanifokea, petit," ukasema, ukiniita mdogo wako kama siku zote. Ukapiga bila hiyo.

Na ulipiga, jamani. Mimi nimesikiliza thrash, ule muziki wa magitaa makali na mbio, tangu nikiwa shule Kigoma, kwenye redio ya kaka yangu, na sijawahi kusikia mtu akiipiga vile. Wengine wanaikimbiza kama wanafukuzwa. Wewe uliileta kutoka kwaya ya kanisa lenu, ulikopiga ngoma. Kila wimbo ulipotoka kwenye ile sehemu nzito ya polepole kuingia kwenye mbio, uliingia mbele kidogo, mkono wa kushoto ukitua kabla ya gitaa, kama unavyowatangulia waimbaji sebene, ile sehemu ya kucheza, ikianza ili wakufuate wakitaka wasitake. Halafu ukishawavuta, unaachia kidogo, watu wapumue. Matoazi yako hayakuwa na sauti moja. Ulijua lini uyaguse na lini uyachape.

Nami nilishindwa kukufuata. Ndiyo hiyo, nimeiandika. Sikumwambia mtu mpaka miezi miwili iliyopita. Gitaa la thrash halina pa kujificha: unaziba nyuzi kwa kiganja na kila pigo unalipeleka chini, chini, chini, huruhusiwi kurudi juu kujipumzisha. Kwa mwendo wako, kifundo cha mkono wangu kilikufa kabla ya wimbo wa tatu kufika katikati. Nilijaribu siku kumi nyumbani. Mtu mwenye adabu angekuja kwako aseme, Ya Dido, mkono wangu haujafika, nipe miezi miwili. Mimi nikarekodi gitaa langu kwa ile mashine ya kuhesabu, kwa mwendo ninaouweza, upande wa kushoto na wa kulia, safi kabisa. Kisha nikafungua ngoma zako kwenye kompyuta, nikaanza kuzivuta. Pigo moja moja. Kila lililotangulia nililirudisha kwenye mstari. Kila ulipoachia watu wapumue nilipabana. Ile ngoma ndogo ya mkono wa kushoto nikaifuta sauti yake, nikaweka sauti ya kununua, moja, ileile kila mara. Wiki tatu. Nilipomaliza, gitaa langu likasikika kali kama msumeno, na ikawa kana kwamba aliyehitaji kunyooshwa ni wewe. Besi la Themba nalo nikalivuta lifuate, nikamwambia nilisafisha tu.

Siku tulipokuletea albamu ulikuwa mapumzikoni, saa saba mchana, unakula mkate na samaki kwenye baki, ile pikapu ya Themba, nje ya ghala. Tukaweka wimbo wa kwanza. Uliacha kutafuna. Ukasikiliza mpaka mwisho, halafu ukaniuliza taratibu, bila hasira hata kidogo, "Ule anapiga ni nani? Anapiga muzuri, lakini hapumui."

Nikasema, "Ni wewe, Ya. Nimenyoosha kidogo tu, ulikuwa unawahiwahi."

Ulikuwa unawahiwahi. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, mbele ya Themba, nikakuangalia usoni. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Aah. Sawa," ukafunga mkate wako kwenye karatasi ukarudi kazini kabla muda haujaisha.

Sikujua nimekufanya nini. Hapana, nisiseme uongo na wewe uko kaburini: nilijua, ila nilidhani kitapita. Uliipakua mashine ya kuhesabu kwenye simu yako. Ukaanza kupiga nayo hata kanisani, hesabu sikioni, macho yameganda, na kwaya ikaanza kujikwaa. Baada ya miezi miwili kiongozi wa kwaya akakuomba upumzike kidogo, wakamweka mtu mwingine. Miaka tisa kwenye kile kiti! Uliniambia habari hiyo kwenye robot, zile taa za barabarani za Umbilo Road, tukingoja kuvuka, ukaongeza, "Labda walikuwa wananivumilia tu." Taa ikawaka kijani, tukavuka, nikaanza kuongea habari za mvua.

Halafu ukaugua mapafu. Wodini ulikuwa huwezi kusema sentensi nzima, ukatumia pumzi yako kuniuliza, "Nilikuwa napiga mubaya, petit? Miaka hii yote?" Nikakushika mkono nikasema, "Hapana, Ya, pumzika." Ndilo jibu nililokupa. Ulidhani nakubembeleza kwa kuwa unaumwa. Niliona usoni mwako kwamba ndivyo unavyodhani, na bado sikufungua kinywa. Nilikuwa na dakika ishirini mpaka wauguzi watutoe. Siku mbili baadaye ukatutoka.

Miezi mitatu baada ya matanga Solange akaja dukani. Akasema Naomi atakua bila kumjua baba yake, kwa hiyo anataka ngoma zako, lakini siyo hizi za kwenye albamu. "Hizi nimezisikiliza, simuone humu," akasema. Nilikuwa nimezitunza zote kama ulivyozipiga. Nikazipeleka kwake kwa miguu, ghorofa tisa. Akakaa kitandani, akavaa spika za masikio, nikaona mguu wake unaanza kutembea wenyewe. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye huyu!" Akacheka huku analia. Nikamwacha asikilize nyimbo zote nane. Kisha nikamweleza, kama ninavyokueleza wewe, hadi mkono wangu.

Hakunipiga. Ningeshukuru. Aliniambia jinsi ulivyokuwa ukikaa hapohapo kitandani ukipiga mto kwa vijiti, hesabu sikioni, unamwuliza kila dakika, nimewahi ao nimechelewa? Halafu akasema, "Bwana yangu amekufa akijua hajui kupiga. Na weye ulikuwa unajua." Akanifungulia mlango. Nilipofika ngazini akaniita, akasema niende nikawaambie kwaya, wote, yeye akiwepo.

Nilikwenda Jumamosi, mazoezini. Nilisimama mbele yao nikasema yote kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya wale wengine. Kiongozi wa kwaya alikaa chini akafunika uso. "Tulimtoa," akawa anasema. "Tulimtoa sisi." Themba alikuwa amesimama mlangoni. "Eish," akasema, hilo tu, na hajazungumza nami vizuri tangu siku hiyo, ingawa amekubali ninachotaka kufanya. Usidhani wamenisamehe. Solange aliniambia niendelee kufanya kazi, hakusema zaidi, na mimi sijaomba.

Kazi yenyewe ni hii. Nimefuta magitaa yangu yote. Ngoma zako nimezirudisha kama zilivyotoka mikononi mwako, na sasa mimi ndiye ninayekufuata, kila jioni nikifunga duka. Mkono umevimba. Nimejifunza unapovuta na unapoachia, na nakwambia kweli, magitaa yale ya kwanza hayakuwa muziki. Besi la Themba nimelirudisha kama lilivyokuwa na limekaa vizuri, maana yeye alirekodi akikusikiliza wewe. Kwenye jalada nitaandika nililofanya, kwa jina langu, wanaosifia mashine wajue.

Nimekufikia katika nyimbo saba. Huu wa nane bado unanitoka. Ukiingia kwenye ile mbio ya mwisho sikuoni tena, nabaki na vumbi lako. Nakuahidi sitaligusa hata pigo lako moja. Nitajaribu mpaka mwisho wa mwezi, na nisipoweza, utatoka hivyohivyo: wewe mbele, mimi nyuma nikihema, na kila mtu asikie.

Lala salama, Ya Dido. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Bahati