Gari Halikujaa

Dada Zuwena, shikamoo. Niko huku Uarabuni, mjini Ibra, kwa mwanangu, jua linachoma hadi kandambili zinanata. Kitabu cha skuli cha mjukuu wangu Salma kina picha za Wamarekani wa kale wakihama kwa magari ya ng'ombe yenye turubai. Nikawaambia watoto, Pemba nzima hakuna aliyenishinda kuendesha gari la ng'ombe. Nikawachorea gari uani kwa chaki, wapakie. Wakajaza mito. Salma akauliza, "Babu, na bibi atakaa wapi?" Akaitoa mito yote.

Dada, siku tuliyohama kijijini nilikwambia gari limejaa, utakuja safari ya pili. Ukabaki mpaka leo. Halikujaa. Nilipakia baiskeli yangu. Sijapata kumwomba mtu msamaha, unanijua. Nakuomba wewe.

Mungu akupe afya.
Nduguyo Seif