Ufuta Nyuma ya Dirisha

Jumanne, 20 Mei

Siku ya hamsini na saba ya eda. Nimefagia chumba, nimeswali, nimekaa dirishani. Kama jana. Ng'ambo ya migomba ya jirani ufuta umeanza kupukutisha majani. Mimi na marehemu mume wangu tuliupanda Januari, yeye akinicheka kwamba huku kwao Kitanga ni nchi ya maharage. Mbegu ni ya bibi yangu, Lindi. Nilikuja nayo nikiwa bi harusi, imefungwa kwenye pindo la kanga. Kwetu sasa wanapanda ya kisasa. Hii imebaki shambani hapo tu. Eda ikiisha narudi nayo nyumbani. Ndicho kinachoniamsha asubuhi.

Ijumaa, 23 Mei

Vitumba vya chini vimegeuka njano. Ni wakati. Bibi alikuwa akiukata alfajiri umande haujakauka, na kelele shambani marufuku. Alisema ufuta ukisikia makelele unafungua mdomo, unamwaga kila kitu. Alisema pia ulifika Lindi kabla ya mnazi. Nani wa kumbishia?

Nimemweleza mama mkwe yote. Ukatwe sasa, ufungwe mafungu, usimamishwe vichwa juu, watu wanyamaze. Alinisikiliza vizuri. "Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha yao, "hiki si bado kibichi? Tusubiri kikauke." Maharage anayajua. Ufuta haujui.

Jumatano, 28 Mei

Nimejaribu kutoka na mundu. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga. Hakufoka. Alisema mjane akikanyaga shamba kabla ya siku zake, marehemu hapumziki. Kisha akalia. Nikarudisha mundu.

Nina hasira naye. Nina hasira na mwanawe kwa kufa. Nina hasira na dirisha hili.

Jumatatu, 2 Juni

Amekwenda kuvuna mwenyewe, na majirani wawili. Saa saba mchana, jua la utosi. Wameung'oa kama maharage, wakajitwika mashina yamelala, wakaimba njia nzima hadi mlangoni. Nilipiga kelele dirishani. Walidhani nawashangilia. Wakanipungia mikono.

Wamepura uani. Mbegu kiganja kimoja, na zote pepe. Mama mkwe alikung'uta turubai mara mbili. "Kumbe kwenu mnalima makapi?" Nimelia hadi Magharibi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya sabini na tatu. Sina la kuandika.

Jumamosi, 1 Novemba

Eda iliisha Agosti. Kaka anakuja kunichukua akimaliza korosho. Begi liko tayari. Nilishazoea kwamba narudi mikono mitupu.

Mvua zimeanza wiki mbili sasa. Asubuhi mama mkwe aliniita nje. Kando ya njia, kutoka shambani hadi mlangoni kwetu, ufuta umeota. Pale walipokata kona na mizigo yao, nao umekata kona. Nilichuchumaa nikashika jani moja. Ni wa bibi.

Mama mkwe alikuwa ameshachomeka vijiti pande zote, mbuzi wasiukanyage. Mikono yake ilikuwa na matope hadi viwikoni.

"Safari hii uniambie siku," alisema. "Nitanyamaza."

Hautavunwa kabla ya Februari. Nimempigia kaka, nimemwambia asije kwanza. Jioni nimetoa nguo kwenye begi, nimezirudisha kabatini.