Uko Ngapi, Baba?

Gidgee Creek, Queensland
Tarehe 14 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Yeppoon, na kama zingeweza kubeba joto kidogo la huku kwetu ningelitia, maana najua upepo wa bahari unakuingia mifupani. Goti linaendeleaje? Na yule jirani mwenye mbwa, mmeshapatana au bado mnanuniana juu ya ua? Sisi huku hatujambo. Darcy anajenga ua wa ng'ombe upande wa magharibi, hurudi kila Ijumaa pua imebabuka na njaa ya wiki nzima. Dulcie anatimiza miezi sita kesho kutwa. Ameota jino moja la chini, na mimi ndiye ninayejua ukali wake.

Nashukuru sana kwa ile dawa ya kuchua. Ilifika Jumanne, chupa imeviringishwa kwenye soksi yako, pamoja na kurasa mbili za maelezo ya namna ya kukanda kifundo cha mkono kilichoteguka. Umeniandikia kwamba hunilaumu, kwamba ngazi iliyolowa humwangusha yeyote, na kwamba kila ukilala unaziona zile mbio upya, mimi nikiwa juu ya tandiko, na farasi wetu Chai ya Pili anatangulia. Barua hiyo nimeisoma mara nne. Ndiyo imenifanya nikae mezani leo, kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huwa hatufiki mbali. Wewe unauliza "Uko ngapi?", mimi nataja kilo zangu, tunasema mawili matatu juu ya mvua, tunaagana.

Unakumbuka wageni walivyokuwa wakishangaa? Watu wengine huulizana habari za asubuhi, sisi kwetu ilikuwa uko ngapi. Mama peke yake ndiye aliyekataa kujibu. Akiulizwa alikuwa akisema yeye yuko na sufuria motoni, anayetaka namba akaichukue kwenye mizani. Safari hii nitakujibu, lakini mwishoni. Kwanza nisikilize.

Mwezi wa saba mwanzoni Noeline, mkufunzi wa Chai ya Pili, alikuja nyumbani. Hakubisha hodi, unamjua, aliingia na mabuti yake yenye vumbi, akamtazama Dulcie aliyekuwa akinyonya, akasema mtoto mzuri, ana paja la mchezaji raga, haya, wewe utamaliza lini kujilaza? Akasema Chai ya Pili ameingizwa kwenye mbio za Kombe, kilo hamsini na nne pamoja na tandiko, na kwamba yule farasi ni mkorofi kama mama yake, hamtii mtu asiyekuwa wa ukoo wa Culhane. Mimi siku ile nilikuwa sitini. Nilimwambia anipe siku mbili nifikirie. Yeye, badala ya kunipa siku mbili, akaenda kukupigia simu wewe.

Baba, uliponipigia jioni ile sauti yako ilikuwa nyingine. Tangu tumzike Mama sijakusikia hivyo. Ulicheka. Ulinieleza tena jinsi ulivyoshinda Kombe hilohilo juu ya bibi yake Chai ya Pili, nami nilikuacha ueleze yote utadhani ndiyo mara ya kwanza kusikia. Ukaniambia wazee wa klabuni kwenu wameshaambiwa kwamba Culhane anarudi, na mmeshapanga viti mbele ya redio. Ukaniita Unyoya, jina ambalo hukuwa umelitumia tangu niolewe. Ningekwambiaje hapana baada ya hapo?

Nikajikaza. Nilitumia njia zako zote, maana ndizo nilizokulia. Nusu yai asubuhi, chai ya rangi bila sukari, tosti moja kavu jioni. Saa sita mchana nilikuwa nikikimbia kwenye njia ya vumbi nyuma ya machinjio nimevaa koti la nailoni na masweta mawili ndani, watu wakipita na magari wakinipigia honi. Halafu bafuni, maji ya moto na chumvi, mlango nimeuziba kwa taulo, nikijiambia dakika tano tena, dakika tano tena. Darcy akirudi aliniambia naonekana kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Nilimjibu kwamba yeye ajue nyaya zake za ua na kilo aniachie mimi. Sikuwa mtu mzuri wa kukaa naye wiki zile.

Perpetua, muuguzi wetu wa watoto, Mfilipino mmoja mdogo mwenye sauti kubwa, aliniambia mapema kwamba mama anayenyonyesha anaweza kupungua, hakuna ubaya, ila polepole, anakula vizuri, anakunywa maji mengi, anatembea. Nusu kilo kwa wiki, si zaidi. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, nikamdanganya kuwa nakula uji na nyama. Nilikuwa nahesabu kichwani. Kwa nusu kilo kwa wiki ningefika hamsini na tatu, ukitoa kilo moja ya tandiko, mwezi wa kumi, na Kombe lilikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Kliniki iliyofuata sikwenda. Nilipiga simu nikasema gari bovu.

Dulcie alianza kubadilika polepole. Alikuwa akishika titi, anavuta kidogo, anaachia, ananitazama, kisha analia. Nepi zilikaa kavu asubuhi nzima. Nikasema ni meno. Nikasema ni joto. Mama mkwe alisema huenda ni gesi, nikaidaka gesi kwa mikono miwili. Baadaye akaacha kulia sana, akawa analala tu, na mimi, Baba, nilifurahi kwamba amekuwa mtoto mtulivu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku kumi kabla ya Kombe nilikwenda uwanjani asubuhi nijipime kwenye mizani ya mashindano, ile ile yako, ambayo bado wameipaka rangi ya kijani. Mzee Clarrie bado ndiye mwenye mizani. Nilivua viatu, nikapanda, nikafumba macho kama ulivyonifundisha. Aliposoma hamsini na tatu na nusu nilishuka nikamkumbatia. Nusu kilo tu iliyobaki, na siku kumi mkononi.

Dulcie alikuwa kwenye kigari chake mlangoni. Clarrie, kwa utani wake, akasema basi na mpanda farasi wa Kombe la miaka ishirini ijayo naye apimwe, aanze kuzoea. Nikambeba, nikapanda naye tena, tunacheka. Clarrie akasoma hamsini na tisa na nusu. Nikaendelea kucheka kidogo, kisha nikapiga hesabu ya kutoa kichwani. Sita. Kwenye kadi yake ya kliniki, wiki tatu nyuma, Perpetua alikuwa ameandika sita na gramu mia tatu, na siku ile alipimwa bila nguo. Nilimwomba Clarrie asome tena. Akasoma tena, mizani haikubadilika.

Nilikaa kwenye lile benchi mlilokuwa mkikaa na matandiko yenu, nikampa titi. Hakikutoka kitu. Alinyonya kwa adabu, akaachia, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, mbele ya Clarrie ambaye nimemwita mjomba tangu nina miaka mitano. Nilikuwa nimesherehekea kilo zile, na kumbe nyingine zilikuwa zake.

Clarrie alitoka. Nikadhani amekimbia machozi ya wanawake. Akarudi na kikasha chake cha chakula, akatoa mkate wake wa nyama ya chumvi na achari, akauweka juu ya benchi karibu na mkono wangu, kisha akanipa mgongo akawa anatazama uwanja. Nilikula wote, Baba. Nilikula hadi makombo ya kwenye karatasi, nikanywa na chupa yake ya chai yenye sukari vijiko vinne. Bila kugeuka akasema, taratibu, kwamba amekupima wewe kila Jumamosi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukuona ukimeza kitu. Akasema alikuwa akirudi nyumbani anamwambia mkewe, na mkewe anamwambia kwa nini humpi chakula.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Perpetua, nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alimpa Dulcie maziwa ya kopo kwa kikombe wakati ule ule, akaniagiza nimweke kifuani kila baada ya saa mbili, nile kila ninapomnyonyesha, na nisijitie kwenye maji ya moto tena. Kila siku alikuja mwenyewe na mizani yake. Siku ya tano nepi zililowa. Siku ya tisa maziwa yangu yalirudi, nikayasikia yanashuka nikiwa dukani kwenye foleni, blauzi yote ikalowa, na sikujali nani ananitazama.

Sasa umeshaelewa. Mkono wangu haukuteguka. Hakukuwa na ngazi iliyolowa, mvua yenyewe hatujaiona tangu mwezi wa tano. Nilimdanganya Noeline, nikakudanganya na wewe, kwa sababu nilijua mfupa ukiumia utanisamehe, lakini sikujua kama ungenisamehe nikikwambia nilishiba. Bandeji nilijifunga mwenyewe. Wiki ya kwanza niliifunga kushoto, na siku ya Kombe, kwa haraka za mtoto, nikaifunga kulia. Noeline aliitazama, akanitazama usoni, na yule mama ambaye domo lake halina breki hakusema neno. Alimpandisha Kerri-Anne Doolan wa Charleville, na Chai ya Pili akashindwa kwa urefu wa kichwa tu, kama ulivyosikia redioni. Huenda mimi ningeshinda. Najua ningeshinda, kwa sababu namjua anavyoogopa ile kona ya mwisho. Nimelilia hilo pia, sitakuficha. Halafu Dulcie akaamka, nikamnyonyesha.

Dawa yako haikupotea. Nimempaka Darcy mgongoni, anasema inachoma lakini inasaidia. Soksi nimeiweka.

Kuna jambo moja sijawahi kukwambia. Nilikuwa na miaka saba, siku ya Krismasi. Sisi tulikuwa mezani, kuku, viazi, ile pudini ya Mama. Wewe ulikuwa umetoka nje na chai yako kama kawaida, kwa sababu ulikuwa na mbio siku ya pili yake. Nilikwenda jikoni kuchukua kijiko, nikakukuta umeingia kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa unapitisha kidole kwenye sufuria ya mchuzi na kukilamba, macho umefumba. Nilirudi nyuma taratibu usinione. Mezani nikamwambia Mama nimeshiba, na kuanzia siku ile nikaanza kujipima, Baba, ili nifanane na wewe. Sikulaumu. Ulitulisha sote kwa njaa yako, hilo nalijua. Ila miaka kumi na tano sasa hupandi farasi, na dada Maureen anasema bado ni nusu yai.

Basi nijibu swali lako. Mimi niko hamsini na nane. Nitapungua taratibu, kwa miguu, nikisukuma kigari hadi mtoni na kurudi, na sina tarehe ya kuwahi. Dulcie yuko saba na gramu mia moja.

Nisalimie wazee wote wa klabuni, na uwaambie ukweli au usiwaambie, utakavyoona. Msalimie hata huyo jirani, na mbwa wake. Darcy anakusalimu, anasema Krismasi anachinja kondoo. Noeline anasema uje umtazame Chai ya Pili kwenye kona ile, labda wewe utajua la kumwambia. Tumekuwekea kiti mezani, upande wa Dulcie, si karibu na mlango.

Ukishuka kwenye basi sitakuuliza uko ngapi. Nitakuuliza umekula.

Mimi binti yako akupendaye, Unyoya wako aliyeongezeka,

Tamsin